Mvua Imekatika, Lakini Mlima Bado

Mvua imepiga usiku kucha, asubuhi jua limetoka, na wewe tayari unaona mambo yako sawa ushago. Ngoja kidogo. Agosti 2007 kule Khuvasali, Kakamega, mlima uliporomoka ukafukia nyumba. Majirani wakakimbia kuwachimbua waliofukiwa. Udongo ukashuka mara ya pili, ukawazika nao.

Wengi tunadhani mvua ikikatika hatari imeisha. Wapi! Maji bado yanazama ndani, na udongo unazidi kuwa mzito na kulegea.

Kwa hivyo usome mlima kwanza. Kuna nyufa mpya juu ya boma? Miti au nguzo za stima zimeinama? Maji ya chemchemi yamegeuka tope ghafla? Mlango uliofunguka jana leo umekwama? Ukiona hata moja, toa watu, mwende kando, si kufuata mkondo kuteremka. Kukhu akikataa kuacha kuku wake, beba na kuku.

Na ukisikia mlima umeshuka kwa jirani, najua utashika jembe tu. Sawa, lakini mmoja wenu asichimbe. Kazi yake ni kuangalia juu na kupiga nduru.