Vastu Ofisini: Kabla Mbomoe Ukuta Homa Bay, Cheki Kwanza Jua Linapiga Wapi

Kama ushawahi kukaa kwa mkutano saa tisa mchana Homa Bay, chini ya mabati bila dari, dirisha likiangalia magharibi, unajua vile hasira hujiletea yenyewe. Hakuna mtu amekukosea. Ni joto tu. Lakini ukiulizwa mbona umemfokea mwenzako juu ya faini ya mia mbili, utatafuta sababu, na manze, utaipata.

Hivyo ndivyo chama chetu kilikuwa karibu kivunjike mwaka jana. Tuko wasee saba, tunapiga picha za harusi na matanga, na tulikuwa tumekodi vyumba vitatu juu ya duka fulani tauni. Kila Jumamosi tukikutana, lazima mtu atoke akibamiza mlango. Mara fulani hesabu ilikosa elfu nne na watu wakaanza kumwangalia mweka hazina vibaya. Ndio msee mmoja wetu, ule hulala na simu usoni, akasema shida yetu si pesa. Shida ni Vastu. Chumba cha mikutano kiko kona mbaya, tubomoe ukuta, tusongeze mlango. Fundi akaitisha 38,000. Kwa akaunti tulikuwa na 61,000.

Sasa kabla uanze kucheka, Vastu si kitu imebuniwa juzi na watu wa video. Vastu Shastra ni elimu ya ujenzi kutoka India, ya kitambo sana, na iko kwa vitabu vya Kisanskriti kama Mayamata na Manasara. Na Wahindi wako hapa ziwani tangu zamani: reli ilifika Kisumu 1901, na wafanyabiashara wakasambaa hadi Kendu Bay na Homa Bay, wakafungua maduka.

Mpango wenyewe uko hivi. Kila upande wa jengo una tabia yake. Kaskazini-mashariki ni pa maji na maombi, paachwe pasafi na pepesi. Kusini-mashariki ni moto: jiko, jenereta, mitambo ya stima. Kusini-magharibi ni ardhi, uzito, kwa hivyo mkubwa wa ofisi anakaa hapo, mgongo wake kwa ukuta usio na dirisha, uso ukielekea mashariki ama kaskazini. Kaskazini-magharibi ni upepo, na hapo ndipo wengi wao huweka chumba cha mikutano. Upepo unasonga, so mjadala unasonga pia, na wageni hawalali. Halafu katikati ya jengo panaachwa wazi. Hakuna choo, hakuna nguzo, hakuna stoo ya viti vilivyovunjika.

Chumba chetu kilikuwa kusini-magharibi. Kwa hiyo sheria, sisi wote saba tulikuwa tunakaa kwa kiti cha bosi. Hata mimi nilikaribia kuamini, maana kila mtu huko ndani alikuwa anaongea kama bosi.

Kitu kilinifanya nisite ni jua. Delhi iko nyuzi 28 kaskazini ya ikweta. Huko jua la saa sita liko kusini mwaka mzima, kwa hivyo ukuta wa kaskazini hubaki na baridi na ule wa kusini unaumia. Mtu akikuambia huko uweke uzito na kuta nene kusini, ufungue madirisha kaskazini, amekuambia kitu cha maana hata kama haamini mungu yeyote. Homa Bay nayo iko kama nusu nyuzi tu kusini ya ikweta. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua letu la saa sita liko upande wa kaskazini, halafu miezi mingine linahamia kusini. Kaskazini na kusini zinagawana. Kuta zinazochomeka kila siku ya Mungu ni mbili: ya mashariki asubuhi, ya magharibi kuanzia saa nane. Na mabati, hayo hayana upande, yanachomeka tu.

Halafu kuna ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa inapanda, na upepo baridi unatoka ziwani kuja kujaza nafasi. Usiku unageuka. Ukiwa Homa Bay tauni, ghuba iko kaskazini, kwa hivyo dirisha la kaskazini ni kama feni ya bure. Hapo Vastu na ziwa wanakubaliana, maji juu, upepo juu, sawa. Sasa enda Muhuru Bay, kule Migori. Ziwa liko magharibi. Upepo mzuri wa mchana unatoka upande ule ule jua linakuchomea. Huwezi chukua karatasi moja ya sheria uipeleke kaunti mbili hivyo hivyo. Muhuru itabidi ufungue magharibi lakini uweke baraza ndefu ama mwembe mbele ya dirisha, upepo upite, jua libaki nje.

Wiki hiyo nilikuwa naenda ocha Ndhiwa, nikampelekea kwara hii stori. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Mjaluo anajua mambo ya nani ajenge wapi kuliko unavyodhani. Kuna familia hazisemezani mpaka leo juu ya simba iliyojengwa mahali haifai.

Ukiingia dala ya zamani kwa rangach, nyumba iko mbele yako kabisa, inaangalia lango, ni ya mikayi, mke wa kwanza. Wake wengine wanajengewa pande mbili kwa zamu, kushoto na kulia, na simba za vijana ziko chini karibu na lango. Uwanja wa katikati uko wazi, sawa tu na vile Vastu inataka. Na karibu na boma la ng'ombe palikuwa na duol, kanyumba kadogo ka mwenye dala. Hapo ndipo wanaume walikula pamoja, wazee wakasikiza kesi, mahari ikapangwa. Kwa lugha ya leo, hicho ndicho chumba cha mikutano. Kimewekwa mahali mzee anaona mali yake na anaona nani anaingia.

Kwara hakuniuliza kona. Aliniuliza maswali mawili. "Nyakwara, mnaketi saa ngapi? Na nani anaona mlango?"

Saa tisa, nikamwambia. Akatingisha kichwa. Mambo mazito, akasema, yalikuwa yanaongewa asubuhi mapema ama jioni jua likishapoa, na moto uwe umewashwa. Mlango nao nikafikiria, nikashtuka. Anayekaa mgongo kwa mlango ni mweka hazina. Yeye ndiye hushika kitabu na simu ya M-Pesa. Kila mtu akiingia ama akitoka anachungulia juu ya bega lake, anaona nusu ya hesabu, anaenda kuongezea nusu ingine kwa kichwa. Yule dem alikuwa anafanya hesabu ya pesa za watu na hajui nani yuko nyuma yake. Hata mimi ningekosea elfu nne.

(Kwara aliposikia mweka hazina ni msichana alinyamaza kidogo. Kwa duol hangeketi. "Siku hizi ni siku hizi," akasema, akabadilisha mada hadi bei ya mbolea.)

Kama unataka kuona hii akili ya mlango ikiwa imejengwa kwa mawe, panda gari hadi Thimlich Ohinga, kama kilomita 46 kaskazini-magharibi ya Migori tauni. Ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, pengine tangu karne ya 16, na UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2018. Kuta zina urefu kati ya mita 1.5 na 4.5. Milango yake ni mifupi, inakubidi uiname kuingia. Ukiwa umeinama huwezi rusha mkuki, na aliye ndani amekuona kabla wewe hujamwona. Hawa watu hawakuwa wanapanga kona kwa ajili ya bahati. Walikuwa wanapanga nani anamwona nani kwanza. Na ukisoma tena ile sheria ya Vastu ya mgongo kwa ukuta, ni kitu kile kile kimevaa nguo nyingine.

Nilirudi Homa Bay nikaomba wasee tushike fundi kwanza. Tulichofanya ni kubeba meza. Chumba cha kuhariri picha kilikuwa kona ya kaskazini-mashariki, madirisha mawili, moja linaangalia ghuba. Tukakifanya cha mikutano. Kompyuta tukazipeleka chumba cha zamani, tukapigilia pazia nzito, maana kuhariri kunataka giza na hufanywa usiku zaidi. Fundi wa stima alisongeza soketi mbili kwa 1,200. Mkutano ukahamia saa tatu asubuhi, jua la mashariki tunalipunguza na pazia lingine. Mweka hazina akapewa kiti kinachoangalia mlango, ukuta mgongoni. Elfu nne ilipatikana mkutano wa pili: ilikuwa malipo ya matanga fulani Rongo, imeandikwa mara mbili kwa kitabu.

Msee wetu wa Vastu bado hajafurahi. Anasema kona ya maji na maombi si ya kubishania pesa. Lakini kila Jumamosi anafika wa kwanza, anachagua kiti kinachoelekea mashariki, na faini yake ya miezi miwili hajalipa.