RUNDO LA NGUO LA JUMAMOSI: TULIPUNGUZEJE?



Jumamosi moja, saa kumi na moja jioni, tulimpokea wodini mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Alikuwa ametumbukia kichwa chini ndani ya ndoo ya maji ya kusuuzia nguo. Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba akianika shuka. Dada yake mwenye miaka tisa ndiye aliyeiona miguu juu, akamvuta na kupiga kelele. Mtoto alikohoa, akatapika maji, akalia. Tulimlaza kwa uangalizi usiku kucha, na kesho yake akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa mzima.

Mama alipotulia alitueleza kwamba alikuwa akifua tangu saa moja asubuhi, hajala kitu, na shuka ile ilikuwa ya mwisho kabisa. Hakuna muuguzi aliyemkemea. Wengi wetu ni akina mama na rundo lile tunalijua. Juma zima tuko kazini, shambani au sokoni, na Jumamosi inatukuta na nguo za watu saba. Ndiyo maana mwezi huu tunazungumzia ufuaji wa nyumbani. Uchovu wa mama ni jambo la afya, na aliyechoka haoni hatari iliyo hatua tano mbali naye.

Si kila nguo iliyovaliwa ni chafu

Jambo la kwanza ni kupunguza rundo kabla halijafika kwenye beseni. Nguo za ndani, soksi, leso, nepi, na nguo yoyote yenye kinyesi, damu au usaha lazima zifuliwe kila zikivaliwa. Hapo hakuna njia ya mkato. Shati la shule lililolowa jasho nalo lifuliwe. Lakini sketi, kaptula na sweta zinaweza kuvaliwa siku mbili au tatu, mradi mtoto azivue mara afikapo nyumbani na kuzitundika penye hewa, asicheze nazo mpira wala kuchotea maji.

Nguo ya kwendea kanisani iliyovaliwa saa mbili haihitaji sabuni. Itundikwe ipate hewa, kisha irudi mahali pake. Shuka zifuliwe mara moja kwa juma. Blanketi zianikwe juani kila juma, na zifuliwe zinapochafuka.

Kila mtu na nguo yake

Mtoto wa miaka saba anaweza kufua nguo zake za ndani na soksi anapooga jioni. Ni kazi ya dakika tano. Tunasema mtoto wa kike na wa kiume pia. Katika nyumba nyingi tunaona binti wa darasa la tano akifua nguo za kaka zake wawili wenye nguvu kuliko yeye, naye Jumatatu anafika shuleni hajaandika kazi aliyopewa. Kijana haharibikiwi kwa kushika sabuni. Baba naye anaweza kubeba maji, kukamua blanketi na kukaza kamba ya kuanikia.

Siku mbili badala ya moja

Gawanyeni kazi. Jumatano jioni fueni mashati ya shule na nguo za watoto wadogo. Zilowekwe kwa nusu saa wakati chakula kipo jikoni, zifikichwe, zisuuzwe, zitundikwe ndani usiku, na asubuhi zitolewe juani. Jumamosi zinabaki shuka na nguo za kushindia. Kuloweka usiku kucha si lazima, na nguo hutoka na harufu mbaya. Nusu saa hadi saa moja inatosha, isipokuwa nguo yenye damu, ambayo ilowekwe kwanza katika maji baridi, maana maji ya moto hugandisha doa.

Tazama beseni lako liko wapi. Mama anayefua ameinama saa nne huku beseni liko chini atakuja kwetu kuomba dawa ya mgongo, na dawa hiyo haitamsaidia kama Jumamosi ijayo atainama tena. Weka beseni juu ya benchi, meza ya zamani au matofali yaliyopangwa, lifike usawa wa kiuno. Shuka ikamuliwe na watu wawili, kila mmoja na ncha yake.

Hesabu ya maji

Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, mbali na ndoo yenyewe. Tuseme una mafungu matatu: nguo nyeupe, nguo za rangi, na nguo za kazi pamoja na vitambaa vya jikoni. Kila fungu likipewa ndoo moja ya kufulia na mbili za kusuuzia, jumla ni ndoo tisa, yaani kilo 180 kichwani.

Sasa fanya hivi. Anza na nyeupe, kisha za rangi, mwisho za kazi, zote katika povu lilelile ukiongeza sabuni kidogo. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo nyeupe yawe maji ya kwanza ya kusuuzia nguo za rangi, na ya mwisho ya nguo za rangi yawe ya kwanza kwa nguo za kazi. Hesabu inakuwa ndoo moja ya kufulia na nne za kusuuzia, jumla tano. Umeokoa ndoo nne, na maji yaliyobaki yanasafisha sakafu na choo. Usizidishe sabuni pia. Povu jingi halileti usafi zaidi, bali linadai maji mengi ya kusuuza.

Nepi zisiingie katika mpango huu. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni, nepi zifuliwe katika chombo chake kwa maji ya moto na sabuni, na maji yake yamwagwe chooni. Kisha unawe mikono kwa sabuni. Hali kadhalika nguo za mgonjwa anayeharisha: zisipelekwe mtoni wala karibu na kisima, bali zichemshwe au zifuliwe kwa maji ya moto nyumbani.

Ziwani na mtoni

Tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, malambo na mashamba ya mpunga tunajua urahisi wa kufulia majini. Lakini humo ndimo wanamopatikana vidudu vya kichocho, vinavyotoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Huwa wengi zaidi jua linapokuwa kali, na huo ndio muda wa kufua. Ni afadhali kuchota maji na kufulia nyumbani. Maji yaliyotulia katika pipa lililofunikwa kwa siku mbili huwa hayana tena vidudu hivyo hai.

Kuanika na kupiga pasi

Yupo inzi ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini kwenye nyasi. Mabuu yake huingia ngozini na kuleta uvimbe unaofanana na jipu, wenye tundu dogo katikati. Kwa hiyo nguo zianikwe juu ya kamba, kwenye jua kali, zikauke kabisa, zianuliwe kabla ya jioni. Mahali ambapo inzi huyo yupo, nguo zinazogusa ngozi zipigwe pasi pande zote, hasa kwenye mishono, na nepi zisisahaulike. Asiye na mkaa wa kutosha aweke shuka zake kabatini zaidi ya majuma mawili kabla ya kuzitumia, maana mabuu hayaishi muda huo wote bila kupata mwili.

Pasi ya mkaa itumike nje au kwenye mlango ulio wazi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usiipeleke chumbani alikolala mtoto, hata kama kuna baridi.

Upele unapoingia nyumbani, watu wote watibiwe siku moja, hata wasiowashwa. Nguo na shuka walizotumia siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto. Kitu kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa juma moja. Hakuna haja ya kufua nyumba nzima.

Chandarua chenye dawa kisifuliwe kila mwezi. Mara moja kila miezi mitatu inatosha. Kifuliwe polepole kwa sabuni ya mche, bila dawa ya madoa, kianikwe kivulini. Maji yake yasimwagwe mtoni wala ziwani, kwa sababu dawa hiyo huua samaki.

Hatari zilizo karibu na beseni

Klorini ya kung'arishia nguo nyeupe isiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto haoni dawa, anaona soda. Ikitokea ameinywa, usimtapishe. Msukutue kinywa, mpe maji kidogo kama yuko macho na anameza vizuri, na umlete hospitali upesi pamoja na ile chupa. Aidha, usiichanganye klorini na dawa ya kusafishia choo wala siki, maana hutoa moshi wa sumu.

Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuza nondo visiwekwe kwenye nguo za mtoto mchanga. Wako watoto waliozaliwa na upungufu fulani katika damu ambao harufu yake inaweza kuwavunjia chembe za damu na kuwaletea manjano ya hatari. Kwa macho huwezi kumjua mtoto wa namna hiyo.

Na ile ndoo. Mtoto mdogo ana kichwa kizito kikilinganishwa na mwili wake, akiinamia ndoo hawezi kujiinua. Maji ya sentimeta tano tu yanaweza kumzamisha, naye hazami kwa kelele. Ukiondoka, hata kwa shuka moja, mwaga maji, au funika kwa kifuniko kinachobana, au mbebe mtoto mgongoni.

Yule mama alirudi kliniki baada ya miezi miwili kumpima mtoto uzito. Alitueleza kwamba mumewe sasa analeta maji kwa baiskeli Ijumaa jioni, vijana wawili wanafua vya kwao, na Jumamosi anamaliza saa nne asubuhi. Kamba ya kuanikia wameihamishia mbele ya nyumba, mahali ambapo akianika anawaona watoto wote.

Jumamosi hii, kabla hamjagusa sabuni, kaeni kama familia dakika kumi. Hesabuni ndoo zenu, gawaneni kazi, na mkubaliane nani atamshika mtoto.