Laptopu ya kioo kikubwa: uliza umeme kabla ya inchi

Kijana mmoja wa Mugumu kanipigia wiki hii: anunue laptopu ya inchi 17 ya kufanyia hesabu za nyanya nyumbani? Nikamuuliza, umeme ukikatika unafanyaje? Kimya. Na ninyi wa Tarime najua mtanyamaza vilevile.

Kioo kikubwa kizuri, jedwali la gharama na mauzo unaliona lote. Ila kinakula betri. Betri ya wati-saa 50 kwenye mashine inayotumia wati 15 inakaa saa tatu na kidogo. Ikitumia wati 25, saa mbili basi. Mimi niliuziwa ya mtumba, kubwa kama sinia, ikazima baada ya dakika 40. Hela ya mbolea hiyo! Siku hizi sinunui bila kuchomoa chaja palepale dukani na kuiacha iwake nusu saa.

Chukua ya inchi 14 au 15.6, RAM isipungue GB 8, halafu nyumbani iunganishe na TV kwa waya wa HDMI. Umeme ukikatika TV inazima, hesabu zako zinaendelea. Wenye sola, someni kwanza wati kwenye chaja, inveta ndogo isije ikashindwa.