Mwanga, Nuru na Seli: Maelezo ya Elimu Mpya na Istilahi Zake

Nilipokuwa Same wakati wa likizo, mjomba wangu, mkulima wa tangawizi katika Milima ya Upare, aliniuliza swali lililonishinda kujibu papo hapo. Yeye ni kipofu. Upofu wake watokana na ugonjwa wa retina uliomjia polepole tangu ujanani. Alikuwa amesikia kwamba wataalamu wa Ulaya wamerudisha “nuru ya macho” kwa kutumia mwanga. “Mpwa wangu,” aliniambia, “ikiwa macho yangu hayapokei mwanga, huo mwanga utaingilia wapi?” Katika makala haya twakusudia kujibu swali hilo, kisha kutazama istilahi zake.

Elimu hiyo huitwa optojenetiki, yaani kutawala kazi ya seli kwa mwanga baada ya kuitia seli jeni ngeni. Chanzo chake ni viumbe vidogo mno. Katika maziwa ya magadi, kama vile Natron nchini Tanzania na Magadi nchini Kenya, huishi viumbe vya seli moja vipendavyo chumvi, navyo huyapa maji rangi nyekundu. Wapishi wa makande huko Upare huyajua magadi kwa kulainisha maharagwe. Wataalamu wa viumbe huyajua kwa sababu nyingine. Kiumbe mmoja wa jamii hiyo, Natronomonas pharaonis, ana protini iitwayo halorodopsini, ambayo ipigwapo na mwanga wa manjano huingiza ioni za kloridi ndani ya seli.

Protini ya pili yatokana na mwani wa seli moja, Chlamydomonas reinhardtii. Mwaka 2003 Georg Nagel, Peter Hegemann, Ernst Bamberg na wenzao walieleza kwamba protini hiyo ni mlango ufunguliwao na mwanga wa buluu. Mwaka 2005 Edward Boyden, Karl Deisseroth na wenzao waliitia jeni yake katika seli za neva za panya, nazo zikatoa ishara kila zilipomulikwa. Mwaka 2007 halorodopsini ilitumiwa kuzinyamazisha seli za namna hiyo. Basi seli moja yaweza kupewa amri mbili: buluu, sema, manjano, nyamaza.

Protini hizi huweza pia kurekebishwa. Protini ni mfuatano wa amino asidi, kama vile neno lilivyo mfuatano wa sauti. Tukibadili sauti moja katika “paka” twapata “pata”, na maana ni nyingine kabisa. Vivyo hivyo, katika protini iitwayo Chrimson, amino asidi moja, laisini, iliondolewa na ajinini ikawekwa mahali pake. Ikapatikana ChrimsonR, ambayo hufunga mlango wake upesi zaidi.

Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya mtu wa miaka 58 aliyepofuka kwa maradhi ya retina. Jeni ya ChrimsonR ilichukuliwa na virusi visivyodhuru hadi katika jicho lake moja, ikaingia katika seli ambazo kwa asili hupeleka habari ubongoni tu, hazipokei mwanga. Baada ya mafunzo ya miezi kadhaa, akivaa miwani maalumu yenye kamera, aliweza kutambua mahali pa vitu vilivyowekwa mezani, kuvigusa na kuvihesabu. Bila miwani hiyo hakuweza.

Hilo ndilo jibu la mjomba: mwanga huingilia katika seli zilizobaki hai. Njia hii haimfai mwenye mtoto wa jicho, ambaye hutibiwa kwa upasuaji, wala yule ambaye neva yake ya jicho imekwisha kufa.

Sasa tutazame istilahi. Wengine hukwepa “mwanga” kwa kuwa neno hilo, katika ngeli ya watu, lina maana ya mchawi, nao hupendelea “nuru”. Lakini “nuru ya macho” kwa Waswahili ni uwezo wenyewe wa kuona. Anayesema “tiba ya nuru” humwahidi kipofu jambo ambalo wataalamu hawajalipata. Kwa hiyo nashauri tuseme “utawala wa seli kwa mwanga”, na “nuru” tuiache kwa macho yaonayo. Ngeli yatosha kuondoa utata wa “mwanga”. Tumaini la uongo haliondolewi na kanuni yoyote ya sarufi.

Nilipomweleza mjomba hayo yote, alinyamaza kidogo, kisha akauliza miwani ile inauzwa wapi. Nikamjibu kwamba ingali katika majaribio.