Mtoto Naye Hupatwa na Kiharusi

Mwenda pole hajikwai, lakini watoto wetu wa Ganjoni hawaendi pole. Hukimbizana uwanjani, hukwea mikungu, na huanguka. Mwanafunzi aangukapo kwa kichwa, mwalimu humpangusa vumbi, humtazama kama anatoka damu, kisha humrudisha darasani. Jioni mzazi huambiwa, "Alianguka kidogo tu," au haambiwi lolote.

Wengi wetu twaamini kuwa kiharusi ni maradhi ya wazee wenye shinikizo la damu. Sivyo. Pigo la kichwa au mpindo wa ghafla wa shingo waweza kuchana utando wa ndani wa mshipa upelekao damu ubongoni. Damu huganda palipochanika. Kipande chake kikichukuliwa na mkondo, huziba mshipa ulio mbele, na sehemu ya ubongo hukosa damu. Jambo hili laweza kutukia baada ya saa chache au siku kadhaa, wakati ambapo kuanguka kule kumekwisha kusahauliwa.

Basi mtoto aliyeandika vizuri Jumatatu, Alhamisi kalamu yamponyoka. Mdomo wapinda, maneno hayatoki sawasawa, au apatwa na degedege. Shuleni huambiwa ni mvivu; nyumbani husemwa ni upepo mbaya, akaitwa mkandaji amkande shingo, ilhali huenda shingo hiyo ndiyo yenye jeraha.

Daktari naye hawezi kulijua asiloambiwa. Picha ya CT huonyesha upesi damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, lakini katika saa za mwanzo yaweza kuonekana safi hali kiharusi kimo. Akisikia habari za kuanguka, atajua kutafuta zaidi kwa picha ya MRI na ya mishipa ya shingo. Ataulizia pia selimundu, maradhi yanayopatikana sana huku Pwani, ambayo yenyewe huweza kuleta kiharusi kwa watoto.

Nawasihi walimu: mtoto akianguka kwa kichwa, andikeni siku, saa na namna alivyoanguka, kisha mpeni mzazi karatasi hiyo. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akilegea mkono msimcheke; semeni. Ishara hizo zikionekana, apelekwe hospitali papo hapo, wala asipewe aspirini, kwani huenda damu inavuja kichwani. Hospitali Kuu ya Pwani imo kisiwani humuhumu. Karatasi ile iende naye.