Paka 72 wa Mji Mkongwe: kompyuta isiyohitaji umeme

Ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe saa nane mchana, jua limekaza na maduka mengine yamefungwa, utakaowakuta kazini ni paka. Paka juu ya baraza, paka chini ya gari la kukokota, paka anayesubiri kichwa cha changu nje ya soko la Darajani. Swali langu la leo: je, paka hawa wanaweza kujumlisha namba? Si kwa kufundishwa hisabati. Namaanisha waendelee na upaka wao, wafuate samaki tu, halafu sisi tupate jibu la 97 + 58.

Wanaweza. Tena wapo watu walioshajenga vitu vya namna hiyo kwa wanyama, ila ndani ya gemu.

Gemu yenyewe ni Dwarf Fortress, kazi ya ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, iliyotoka mwaka 2006. Unasimamia kundi la watu wafupi wenye ndevu wanaochimba ngome ndani ya mlima. Kwa miaka mingi haikuwa na picha za maana, ni herufi na alama tu kwenye skrini, lakini chini yake kila kitu kinahesabiwa: maji yanatiririka, mawe yana uzito, wanyama wana njaa na viungo. Mwaka 2015 paka wakaanza kufa ovyo. Kumbe pombe ilikuwa inamwagika sakafuni kwenye baa, paka wanaikanyaga, wanajilamba miguu, na programu ilihesabu kila mlambo kama kikombe kizima. Hakuna aliyeandika popote "paka walewe". Kanuni tatu nne zilikutana, basi.

Dunia ya namna hii inawavutia watu wa kompyuta kama asali inavyovuta sisimizi. Mwaka 2010 mchezaji anayejiita Jong89 alijenga humo kompyuta nzima kwa pampu 672, magogo 2,000 na mitambo 8,500. Wengine wakaacha pampu, wakatumia viumbe.

Nataja 2010 kwa sababu yangu. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila umeme kutoka bara. Nilikuwa mtoto wa skuli, na nakumbuka kompyuta zimefunikwa vitambaa kama maiti. Nikaweka kichwani kwamba kompyuta ni umeme: umeme ukiondoka, hesabu imeondoka. Imenichukua miaka kuling'oa wazo hilo, na wanafunzi wengi ninaokutana nao bado wanalo. Wanakariri majedwali ya 0 na 1 kwa ajili ya mtihani bila kujua yanazungumzia nini.

Haya, turudi kwa paka. Tunahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni kibao cha kukanyaga: mnyama akisimama juu yake, mlango fulani mahali pengine unafunguka. Cha pili ni mlango wa aina hiyo, ambao haufunguliwi kwa mkono, unasubiri kibao chake.

Sasa mchore paka mwenye njaa huku, na samaki kule. Katikati kuna njia mbili. Ya kwanza ni kichochoro kifupi chenye milango miwili iliyofuatana, tuiite A na B. Ya pili ni mzunguko mrefu usio na mlango, lakini njiani kuna kibao. Paka atapita wapi? A na B zote zikiwa wazi, atakata kichochoroni, hana haja ya kuzunguka. Hata mmoja tu ukifungwa, atazunguka, na atakanyaga kibao.

Soma tena taratibu, maana humo ndimo kila kitu kilipo. Tuseme wazi ni 1, kufungwa ni 0, na kibao kikikanyagwa ni 1. Paka wetu anatoa 0 pale tu A na B zote ni 1. Katika hali nyingine zote anatoa 1. Wahandisi wanaliita hilo geti la NAND. Mwaka 1913 Henry Sheffer alionyesha kwamba "na", "au" na "si" zote zinaweza kujengwa kwa tendo hili moja peke yake. Ukiwa na paka wa kutosha wa aina hii, na vibao vyao vikifungua milango ya paka wenzao, hakuna geti lolote usiloweza kulitengeneza.

Kwa mfano kumbukumbu. Chukua paka wawili. Kibao cha wa kwanza kinafungua mlango mmoja wa wa pili, na kibao cha wa pili kinafungua mlango mmoja wa wa kwanza. Milango yao mingine iwe wazi. Mmoja akiwa anazunguka, anamfungulia mwenzake kichochoro kifupi. Mwenzake akipita huko hakanyagi kibao, kwa hiyo wa kwanza anabaki na mlango uliofungwa, na anaendelea kuzunguka. Hali hiyo inajishikilia yenyewe. Ufunge kwa muda ule mlango mwingine wa paka wa pili na mambo yanageuka, halafu yanabaki yamegeuka hata ukiufungua tena. Paka wawili wamekumbuka kitu kimoja: 0 au 1.

Kujumlisha tarakimu mbili za 0 na 1, pamoja na ile iliyobebwa kutoka safu ya nyuma, kunataka NAND 9. Namba za hadi 255 zina safu 8. Kwa hiyo 97 + 58 inataka paka 72. Darajani na Mkunazini pekee nadhani tutawapata.

Tatizo ni muda. Katika mpangilio huo, habari ikianzia safu ya kwanza na kubebwa hadi ya mwisho inapita paka 20 mmoja baada ya mwingine. Tukimpa kila paka nusu dakika, jibu liko tayari baada ya dakika 10. Kwenye gemu pia ni pole pole, maana kibao kikiachwa huchukua hatua 100 za saa ya gemu kabla ya kutuma habari kwamba kimeachwa. Na paka wakizaana ndani ya mashine, umekwisha.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hawapendi kulisema. Paka wa gemu anajua mlango umefungwa kabla hajafika. Anachagua njia kwa kanuni iitwayo A*, iliyochapishwa na watafiti watatu wa Stanford mwaka 1968, ambayo inaiona ramani nzima. Paka wa Mji Mkongwe atafika mlangoni, atalia, atakaa. Kwa maoni yangu, katika kompyuta ya wanyama ya Dwarf Fortress sehemu kubwa ya akili imo kwenye ile kanuni ya njia, mnyama ni vazi tu.

Je, wanyama wa kweli? Mwaka 2011 Gunji na Nishiyama wa Chuo Kikuu cha Kobe, Japani, pamoja na Adamatzky wa Bristol, walitumia kaa. Walijenga njia nyembamba na kuwaswaga makundi ya kaa 40 kwa kivuli kinachofanana na cha ndege. Makundi mawili yakikutana yanaungana na kushika uelekeo mmoja mpya. Geti la "au" lilikwenda vizuri, la "na" lilisumbua zaidi. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina Dotilla fenestrata, kaa wadogo wanaotembea kwa makundi maji yakitoka na kuacha vidonge vya mchanga. Nikiwaona siku hizi siwezi kuwaangalia kama zamani.

Sisi hatukutumia kaa wala paka. Tulitumia wanafunzi 9 wa skuli moja ya Ng'ambo, uwanjani, hakuna umeme wala kompyuta. Kila mmoja aliangalia wenzake wawili: wote wakiinua mkono, wewe shusha wako, vinginevyo inua. Tukaingiza 1 + 1. Binti aliyekuwa mwandishi akaangalia mikono ya mwisho, akaandika 3.

Uwanja mzima ukacheka, lakini hakuna aliyekosea. Mwanafunzi wa kwanza anapaswa kushusha mkono, na habari hiyo inachelewa kidogo kuwafikia wa nyuma yake. Katika ule muda mfupi wao bado wanafanya kazi na habari ya zamani, na mkono wa jumla unapanda halafu unashuka. Binti aliandika ukiwa juu. Hitilafu hii hii imo ndani ya simu yako, na ndiyo sababu karibu kila prosesa ina saa yake: jibu lisomwe baada ya mikono kutulia.

Tukamtafutia kijana mmoja ngoma. Ahesabu kumi kimoyomoyo, apige, na mwandishi asiandike chochote kabla ya ngoma. Tukaingiza 1 + 1 tena. Mkono ukapanda, ukashuka, ngoma ikalia. Mbili. Halafu mtoto wa mstari wa tatu akauliza: sasa ngoma ikipigwa haraka zaidi, ni mpaka wapi kabla jibu halijaharibika? Tukakaa nusu saa nyingine tukilitafuta.