Pipa Lina Maandishi, Chupa Haina

Katika maduka ya malighafi za sabuni, iwe Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi au Mombasa, kuna pipa la plastiki lisiloishiwa wateja. Muuzaji hufungua kifuniko, huchota uji mzito unaovutika kama gundi, huupima kwenye mizani, kisha huutia ndani ya chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa. Mteja hulipa, huiweka chupa kikapuni pamoja na nyanya na vitunguu, akapanda daladala. Tanzania bidhaa hiyo huitwa slesi. Kenya wengi huijua kwa jina la ungarol. Jina lake la kikemia ni sodiamu laureti salfeti.

Ubavuni mwa pipa lile kuna kibandiko chenye jina, alama za hatari na maelezo ya kujikinga. Kibandiko hicho hakipandi daladala. Kemikali inaondoka, maarifa yake yanabaki dukani, na hapo ndipo hatari nyingi za bidhaa hii zinapoanzia.

Asili ya nguvu yake

Slesi ni emulsifaya, yaani kemikali inayopatanisha maji na mafuta. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia mingi hujichomeka ndani ya tone la mafuta, vichwa vikabaki nje majini, na tone hilo likazungukwa pande zote hadi lisiweze kuungana tena na wenzake. Kwa kazi hiyo slesi imeingia katika sabuni ya maji, shampuu, dawa za kuoshea magari na hata viwanda vinavyotengeneza malighafi za rangi za ukutani.

Wauzaji hupenda kusema kwamba inatokana na nazi, kwa hiyo haina madhara. Ni kweli kwamba mkia wa molekuli mara nyingi hutokana na mafuta ya nazi au ya kokwa za mchikichi. Lakini kabla haijafika kwenye pipa, malighafi hiyo imeunganishwa na gesi ya ethilini oksidi, ikapitishwa kwenye salfa trioksidi, kisha ikatulizwa kwa kostiki soda. Kilichotoka mwisho wa safari hiyo si nazi tena, na hakipaswi kushikwa kama nazi.

Ngozi ya binadamu nayo hujilinda kwa mafuta, na slesi haitofautishi mafuta ya sufuria na mafuta ya mkono. Anayeichota kila siku bila glavu huanza kuona ngozi ikikauka, ikiwasha, kisha ikipasuka katikati ya vidole. Jicho liko hatarini zaidi. Uji wa asilimia 70, ambao ndio unaouzwa kwa wingi, umewekwa katika kundi la kemikali zinazoweza kuleta madhara makubwa machoni. Hata ukiisha kupunguzwa kwa maji, bado ni mkali kwa jicho kuliko sabuni iliyokamilika. Kwa hiyo glavu za mpira, miwani ya kazi inayofunika hadi pembeni na aproni ni vifaa vya kila siku, hata kwa anayetengeneza ndoo moja tu.

Ikirukia jichoni, mwagilia jicho maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15 huku ukilifungua kwa vidole, kisha nenda hospitali. Usisubiri uone kama maumivu yatapoa yenyewe. Mtoto akiimeza, msuuze kinywa na umwahishe kituo cha afya. Usimtapishe: povu linaloundwa tumboni linaweza kuingia kwenye mapafu wakati wa kutapika, na povu kwenye mapafu ni hatari kuliko hiyo slesi iliyoko tumboni.

Maji yanayoigandisha

Hapa ndipo wengi wanaoanza kutengeneza sabuni hukwama. Mtu huona uji ni mzito, akaongeza maji kidogo ili ulegee. Slesi hufanya kinyume. Ikiwa na asilimia 70 humiminika, ingawa kwa uvivu. Ukiiongezea maji ikashuka hadi kati ya asilimia 60 na 30 hivi, molekuli zake hujipanga mithili ya fito zilizofungwa mizigomizigo, na mchanganyiko wote hugeuka jeli ngumu inayokataa hata mwiko. Hulegea tena inaposhuka chini ya hapo.

Asiyelijua hilo huhamaki. Humimina maji yanayochemka, hukoroga kwa nguvu, mabonge yakaruka na kumpiga usoni. Nimeona watu wazima wakimwaga ndoo nzima wakiamini wameuziwa bidhaa mbovu, kumbe kosa lilikuwa katika utaratibu wa kuchanganya.

Njia salama ni kutanguliza maji. Tuseme una kilo 1 ya slesi ya asilimia 70. Ndani yake mna gramu 700 za kiini chenyewe. Ili upate myeyuko wa asilimia 28, uzito wote unatakiwa kuwa kilo 2.5, kwa hiyo unahitaji maji lita 1.5. Weka maji hayo kwanza kwenye ndoo, kisha ongeza slesi kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Kila kipande kinachoingia hukuta maji mengi na hulivuka haraka lile eneo la kuganda. Mkorogo wa haraka huingiza hewa, na utakaa saa nyingi ukingoja povu lishuke.

Kuitunza

Adui wa kwanza wa slesi iliyohifadhiwa ni maji yanayoingia bila kukusudiwa. Uji wa asilimia 70 una maji huru machache mno, kiasi kwamba vijidudu havipati nafasi ya kuzaliana. Lakini kata yenye maji ikichovywa humo, au pipa likiachwa wazi mvua ikanyesha, tabaka la juu hupungua nguvu. Sehemu moja huganda, nyingine huwa makao ya bakteria. Chota kwa kifaa kikavu na ufunge kifuniko kila mara. Slesi ambayo umekwisha kuipunguza kwa maji haiwezi kukaa muda mrefu bila kemikali ya kuzuia kuoza. Ukiona imebadilika rangi au inatoa harufu ya uvundo, usiitie kwenye sabuni ya wateja.

Adui wa pili ni joto. Kwa kawaida inafaa kutunzwa katika nyuzi joto 20 hadi 40, kivulini, mahali penye hewa. Ikikaa kwenye joto kali kwa muda mrefu huanza kuvunjika na kutoa asidi, na asidi hiyo huchochea mvunjiko uende kasi zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, usiipange karibu na sulfoniki asidi, malighafi nyingine ya sabuni, ya rangi ya kahawia, ambayo huunguza ngozi. Dumu moja likivuja juu ya jingine, umepoteza vyote viwili.

Wenzetu wa Njombe na Mbeya wana tatizo la upande wa pili. Baridi ya Juni na Julai huifanya slesi ikaze pipani. Dawa yake ni kuliweka dumu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kusubiri. Kuliweka karibu na moto huunguza pembeni huku katikati pakiwa bado pagumu.

Chombo kiwe cha plastiki ngumu au chuma cha pua. Chuma cha kawaida huota kutu na kuichafua. Ikimwagika sakafuni, jua kwamba hakuna kinachoteleza kuliko hiyo. Usikimbilie mpira wa maji, kwani utajaza nyumba povu na kuisukuma slesi mtaroni. Imwagie mchanga au vumbi la mbao, izoe kwa koleo, kisha osha mabaki kwa maji machache. Mazingira huweza kuivunja slesi kadiri siku zinavyokwenda, lakini ikiingia kijitoni kwa wingi na kwa mara moja huharibu mashavu ya samaki, ambayo ndiyo wanayopumulia.

Maandishi yafuate kemikali

Tanzania ina sheria ya mwaka 2003 inayosimamia kemikali za viwandani na majumbani, na utekelezaji wake uko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulichapisha kwa mara ya kwanza mfumo wa dunia wa kuainisha kemikali na kuziwekea alama. Kutokana na mfumo huo kuna karatasi ya taarifa za usalama yenye sehemu 16, kuanzia jina la bidhaa, huduma ya kwanza, hadi namna ya kuihifadhi na kuitupa. Anayeagiza pipa zima ana haki ya kupewa karatasi hiyo. Anayenunua robo kilo anahitaji maarifa hayohayo, maana jicho lake si gumu kuliko la mfanyakazi wa kiwandani.

Ninawaomba wauzaji wa rejareja: acheni chupa za maji na soda. Mtoto mwenye kiu hamwulizi mtu, huangalia umbo la chupa. Tumieni vyombo vya rangi moja ambavyo havijawahi kubeba kinywaji, na mbandike karatasi yenye mambo matano: jina la kemikali, asilimia yake, tarehe ilipofunguliwa, onyo la macho na ngozi, na maneno "weka mbali na watoto". Karatasi hiyo haigharimu hata thamani ya kijiko cha slesi.

Nawe mnunuzi, ukipewa chupa isiyo na maandishi, irudishe mezani na uombe kalamu. Andika mwenyewe kabla hujatoka dukani.